Kumalizia Safari ya Begi Mgongoni kwa Kupumzika Lisbon: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa joto wa Ulaya ukikaribia, maswali ni yale yale. Mtu amezunguka Italia, Ufaransa na Hispania kwa treni na mabasi, begi mgongoni, mabweni ya hosteli kila usiku, na sasa anataka siku chache za kutulia kabla ya kupanda ndege ya kurudi Dar, Nairobi au Kampala. Akae wapi? Siku ngapi? Viza aombe ubalozi upi kama nchi ni nne? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mji ninaoupendekeza kuliko mingine kwa kazi hii: Lisbon, mji mkuu wa Ureno.

Kwa nini Lisbon? Uko ukingoni kabisa mwa bara, kwa hiyo njia ya kutoka mashariki inaishia hapo yenyewe. Chakula ni nafuu ukilinganisha na Paris au Amsterdam. Kuna mto mpana, samaki wa kuchoma, jua karibu mwaka mzima, na mambo mengi mazuri hayana kiingilio. Ubaya wake ni vilima na ngazi, na magoti yako yatakuambia hivyo siku ya kwanza.

Jambo moja ulikubali kabla hatujaendelea: mji wa mwisho ni wa kukaa, si wa kutalii. Ukiufanya kituo kingine cha kukimbizana na vivutio, utarudi nyumbani ukihitaji likizo ya kupumzika kutokana na likizo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Usiku nne Lisbon, tano ikiwezekana. Mbili hazitoshi: ya kwanza inaliwa na uchovu, ya pili na kufungasha.
- Viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, yenye siku za kutosha hadi siku ya ndege. Hili lina hatua yake hapa chini.
- Bima ya safari inayofika siku ya kuondoka. Sheria ya viza inataka ifidie angalau yuro 30,000, na wengi hukata siku mbili za mwisho ili kupunguza gharama. Usifanye hivyo.
- Kadi mbili za benki, zisikae mfuko mmoja.
- Pesa. Kitanda cha bweni mara nyingi ni yuro 20 hadi 40 kwa usiku, chumba cha peke yako 70 na kuendelea, na msimu wa joto bei hupanda. Chakula na usafiri, mtu asiye na makuu anatosheka na yuro 30 hivi kwa siku.
- Viatu vyenye soli ya mpira. Njia za Lisbon zimesakafiwa kwa vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyolainishwa na miguu ya watu, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni.
- Nakala ya pasipoti na viza, moja kwenye simu na moja ya karatasi chini ya begi.

Hatua ya 1: Hesabu siku za viza kuanzia mwisho kurudi nyuma

Anza na tarehe ya ndege. Toa usiku tano za Lisbon. Kinachobaki ndicho cha kugawa kwa miji mingine. Watu wengi hufanya kinyume: wanaanza na Roma, wanavutwa na Florence, wanaongeza siku Barcelona, na Lisbon inabaki na makombo.

Viza yako ina vitu viwili vinavyochanganywa sana: tarehe ya mwisho ya kutumika, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Vyote viwili unabanwa navyo. Ukiandikiwa siku 21, siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, hata kama umetua saa tano usiku. Kuanzia Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kusajili kuingia na kutoka kwa mfumo wa kompyuta wenye alama za vidole, kwa hiyo usitegemee askari aliyechoka kuhesabu mihuri.

Ubalozi gani? Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi utakayoingilia kwanza. Kwa hiyo ukitulia Lisbon usiku tano na Porto, mji mwingine wa Ureno, tatu, huku miji mingine ukilala mbilimbili katika nchi tofauti, Ureno ndiyo yenye maombi yako, hata kama unaingilia Roma. Si kila nchi ya Schengen ina ofisi ya viza Dar es Salaam au Kampala, na nyingine huwakilishwa na wenzao, hivyo uliza mapema. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024.

*Onyo:* kama viza yako ni ya kuingia mara moja, usishawishike na boti ya Tarifa kwenda Tangier, Moroko, ukiwa kusini mwa Hispania. Ni safari ya kama saa moja, picha nzuri sana, na ukishagongwa muhuri wa kutoka, viza imekwisha. Lisbon yako utaiona kwenye simu.

Hatua ya 2: Nunua ndege inayoondokea Lisbon

Usinunue tiketi ya kwenda na kurudi Roma halafu ukajirudisha huko kwa ndege ya bei rahisi. Kwenye tovuti za ndege chagua tiketi ya miji tofauti: kuingia Roma, kutoka Lisbon. Mara nyingi bei haitofautiani sana, na unaokoa siku nzima ya kuzunguka viwanja vya ndege.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Lisbon hadi Afrika Mashariki. Ukipitia Istanbul au Dubai, muhuri wa kutoka Schengen unagongwa Lisbon. Ukipitia Amsterdam au Frankfurt, unagongwa huko. Kama ndege yako ya Lisbon inaondoka jioni na ya Amsterdam kesho yake, siku yako ya mwisho ya viza ni kesho, si leo.

Hatua ya 3: Chagua chumba kimoja na usihame

Kuhama hosteli katikati ya mapumziko ili kuokoa yuro sita ni uchoyo dhidi ya mgongo wako mwenyewe. Lipa usiku zote mahali pamoja, na kama mfuko unaruhusu, hapa ndipo pa kutoka bwenini na kuchukua chumba chako mwenyewe chenye mlango unaofungwa.

Mtaa gani? Alfama ndio unaoonekana kwenye kila kadi ya posta: vichochoro, nguo zimeanikwa madirishani, sehemu kubwa ilinusurika tetemeko la Novemba 1, 1755 lililobomoa katikati ya mji. Ni mzuri kuutembelea. Kulala huko na begi la kilo kumi na tano ni habari nyingine, maana magari hayafiki sehemu nyingi na ngazi haziishi. Bairro Alto una baa zinazopiga kelele hadi usiku wa manane; kama umetoka kulala katika mabweni wiki kadhaa, ukimbie. Baixa, sehemu iliyojengwa upya baada ya tetemeko kwa mitaa iliyonyooka kama rula, ni tambarare na ina metro, ila imejaa watalii na wahudumu wanaokuvuta mkono uingie mgahawani.

Mimi humpeleka mtu Arroios, Anjos au Saldanha. Hazina sifa kwenye vitabu vya watalii, na ndiyo raha yake. Arroios na Anjos zina maduka ya watu wa mataifa mengi, vyakula vya bei ya kawaida na metro ya mstari wa kijani hadi katikati. Saldanha ni tambarare na iko kwenye mstari mwekundu unaoenda moja kwa moja uwanja wa ndege.

Kabla ya kulipa, soma mambo matatu:

- Lifti ipo? Majengo mengi ni ya zamani. Tena ghorofa zao huanza kuhesabiwa juu ya ile ya chini, kwa hiyo "ghorofa ya 3" utapanda ngazi tatu kamili.
- Kodi ya jiji imejumlishwa? Tangu Septemba 2024 ni yuro 4 kwa mtu kwa usiku, hadi usiku saba, kwa kila mwenye miaka 13 na zaidi.
- Kipasha joto kipo, kama unaenda kati ya Desemba na Februari? Nje patakuwa na nyuzi kumi na kitu, si baridi ya kutisha, lakini nyumba nyingi za Lisbon hazina mfumo wa kupasha joto na ndani panakuwa baridi kuliko nje.

Hatua ya 4: Fika mchana

Tangu 2020 hakuna treni ya moja kwa moja kati ya Madrid na Lisbon. Utapanda basi, mwendo wa saa nane au zaidi, au ndege. Kutoka Sevilla pia ni basi. Kutoka Porto ndiko raha: treni ya haraka inachukua kama saa tatu, na wale waliotembea kwa miguu njia ya mahujaji hadi Santiago de Compostela, Hispania, hushuka kwa basi hadi Porto kisha wakaunganisha hapo.

*Kosa la kila mara:* saa. Ureno iko nyuma ya Hispania kwa saa moja. Simu itajirekebisha, saa ya mkononi haitajirekebisha, na tiketi ya basi inaandika saa za kila nchi kwa nchi yake. Nyumbani nako, Lisbon iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili msimu wa joto na tatu msimu wa baridi, kwa hiyo usimpigie mama ukishamaliza chakula cha usiku.

Basi la usiku linaokoa hela ya kulala, ni kweli. Pia linakushusha alfajiri wakati chumba chako kinafunguliwa saa tisa alasiri. Kama huna jinsi, omba hosteli wakutunzie begi, wengi hukubali, au tumia makabati ya kufunga kwenye stesheni za Oriente na Santa Apolónia.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, fua na ulale

Usiende popote. Tafuta bango lililoandikwa *Lavandaria*; ziko kila mtaa, mashine unajihudumia mwenyewe, kufua ni kama yuro 5 na kukausha kunaongezwa. Kwa saa moja na nusu nguo zote zimemalizika. Wakati mashine inazunguka, mwaga begi lote mezani na upunguze: soksi zilizotoboka, ramani za miji uliyoiacha, chupa za shampuu zilizobaki robo. Mtungi wa gesi ya jiko la kambi, kama ulikuwa nao, mwachie mtu hosteli, maana haupandi ndege hata kwenye mzigo wa chini.

Halafu oga, kula supu, lala. Ukiamka saa kumi na mbili jioni, panda taratibu hadi *miradouro* yoyote, yaani zile sehemu za wazi vilimani zenye mandhari ya mji. Ya Senhora do Monte, kule Graça, inaona mji wote pamoja na ngome na mto. Ni bure. Kaa hadi jua lizame.

Hatua ya 6: Nunua kadi ya usafiri

Inaitwa *navegante*, inauzwa kwenye mashine za metro kwa senti 50, kila mtu na yake. Unaweza kuijaza hela inayokatwa kila safari, au tiketi ya saa 24 ya metro, mabasi na tramu kwa yuro 7 hivi. Usichanganye vyote viwili kwenye kadi moja. Nunua ya pili, ni senti 50 tu. Kwa mtu anayepumzika, kujaza hela kunatosha, maana hutapanda mara kumi kwa siku. Metro inafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa saba usiku.

Tramu namba 28, ile ya njano ya kwenye picha, inapita vichochoro vizuri kweli. Pia inajaa kama daladala la jioni, na vibaka wanaipenda kuliko watalii. Ukitaka kuipanda, nenda asubuhi mapema Martim Moniz inakoanzia, begi dogo likae kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma.

Kiberenge cha Glória cha kupandia kilima hadi Bairro Alto kilisimamishwa baada ya ajali ya Septemba 2025 iliyoua watu 16. Panga ratiba yako bila hicho.

Hatua ya 7: Siku moja, jambo moja

Hapa ndipo nidhamu inapotakiwa. Chagua jambo moja kwa siku, lifanye kabla ya saa sita, kisha mchana ni wako. Haya ndiyo ningeyachagua, na si lazima yote.

*Dhahabu ya Kilwa.* Msomaji wa Kiswahili akienda Lisbon bila kuona kitu hiki amekosa, na karibu hakuna anayemwambia. Katika Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, kuna monstransi ya dhahabu, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, iitwayo Custódia de Belém. Mwaka 1502, Vasco da Gama katika safari yake ya pili alifika Kilwa na kundi la meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa ushuru wa dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilifikishwa kwa Mfalme Manuel I, naye akaagiza itengenezewe chombo hicho. Kilikamilika 1506, kazi ya sonara Gil Vicente, na maandishi kwenye kitako chake yanataja yenyewe kwamba ni dhahabu ya ushuru wa "Quiloa". Kabla hata hakijakamilika, mwaka 1505, kundi la Francisco de Almeida lilikuwa limeuteka mji wa Kilwa na kuupora. Simama hapo kwa muda wako. Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti, rangi zinang'aa, ufundi wa kushangaza kabisa, na unajua mali ilikotoka. Ukimaliza, nyuma ya jumba kuna bustani yenye mkahawa unaotazama mto. Makumbusho hufungwa Jumatatu. Angalia tovuti yao kabla ya kwenda, kumbi nyingine huwa zinakarabatiwa.

*Belém.* Chombo hicho mfalme alikiachia monasteri ya Jerónimos iliyoko Belém, na humo ndimo kaburi la Vasco da Gama lilipo, mlangoni tu kwa ndani ya kanisa. Kuingia kanisani ni bure, ua wa ndani ndio unaolipiwa na foleni yake ni ndefu. Waliosoma historia ya pwani, ya nguzo ya Malindi na Fort Jesus ya Mombasa, watapata la kuzungumza hapo. Usipande tramu namba 15 iliyojaa. Kuna treni kutoka Cais do Sodré, dakika chache tu. Karibu na monasteri ni Pastéis de Belém, wanaooka vitumbua vyao vya kastadi tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ingia ndani, kuna vyumba vingi na meza.

*Kivuko cha Cacilhas.* Kutoka Cais do Sodré, dakika kama kumi kuvuka mto Tagus, kwa nauli ya kivuko cha wafanyakazi. Hii ndiyo safari ya mashua ya bei rahisi kuliko zote, na mandhari ya Lisbon kutoka majini ni ile ile wanayouziwa watalii kwa yuro ishirini na tano. Ng'ambo kula samaki. Mwenye nguvu apande basi hadi sanamu ya Cristo Rei, iliyozinduliwa 1959, inayotazama daraja la 25 de Abril.

*Ufukwe.* Treni ya Cascais inafuata mto hadi baharini, kama dakika 40 hadi mwisho. Shuka Carcavelos kwa mchanga mpana. Maji ni ya Atlantiki, baridi hata Agosti. Mtu aliyezoea Coco Beach au Nyali atapiga ukelele.

*Soko la Feira da Ladra.* Jumanne na Jumamosi, Campo de Santa Clara. Vitu vya zamani na takataka kwa pamoja.

Sintra je? Kila mtu atakuambia uende. Majumba yake ni mazuri, lakini siku yake ni ya foleni, mabasi yaliyojaa na vilima, yaani vile vitu unavyovikimbia. Ukienda, ujue siku hiyo si ya kupumzika.

Hatua ya 8: Kula wanapokula wenyeji

Tafuta *tasca*, mgahawa mdogo wa familia wenye karatasi mezani na televisheni ukutani, mama ntilie wao. Mchana kuna *prato do dia*, chakula cha siku, mara nyingi yuro 9 hadi 13. Samaki wa kuchoma na viazi, au *bacalhau*, samaki mkavu wa chumvi anayepikwa kwa namna zisizohesabika. Kahawa ndogo ni kama yuro moja ukinywea kaunta. Maji ya bomba yanafaa kunywa, jaza chupa yako.

*Onyo:* mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani bila kuagizwa si zawadi. Ukivila vinalipiwa. Hutaki, mwambie mhudumu avirudishe, haoni ubaya.

Kwa asiyekula nguruwe: nyama ya *bifana* ni nguruwe, na supu ya majani, *caldo verde*, huwekwa vipande vya soseji ya nguruwe. Chakula halali kiko kwa wingi karibu na Martim Moniz, hasa mtaa wa Benformoso wenye migahawa ya Wabangladeshi. Msikiti mkuu uko karibu na stesheni ya metro ya Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985.

Ukitamani sura za nyumbani, pita Largo de São Domingos, kando ya uwanja wa Rossio, jioni. Ndipo Waafrika wa Guinea-Bissau na kwingineko wanapokutana, kina mama wanauza karanga na viungo, na wazee wanabishana siasa. Kireno hujui, lakini utajisikia umefika mahali.

Hatua ya 9: Siku moja kabla ya ndege

Siku hii isiwe na mpango. Kapime begi, nunua zawadi chache, na usinunue "shangazi kaja" la kujazia mizigo mpaka uangalie kilo za tiketi. Samaki wa makopo ni zawadi nzuri, mepesi kubeba. Yaende kwenye mzigo wa chini, pamoja na kisu chako cha mfukoni. Mikanda ya begi ifunge au ulivalishe mfuko, mashine za uwanjani hupenda kuikamata.

Kama ulinunua kitu cha gharama, uliza dukani fomu ya kurudishiwa kodi wakati wa kulipa, baadaye hawakupi.

Hatua ya 10: Kwenda uwanjani

Uwanja wa Humberto Delgado uko ndani ya mji. Metro ya mstari mwekundu inaingia humo, dakika chini ya 20 kutoka Saldanha. Ndege ya alfajiri, kabla metro haijaanza, agiza Bolt au Uber usiku uliotangulia. Ndege nyingi za mbali huondokea jengo la 1. Jengo la 2 ni la mashirika ya bei nafuu. Fika saa tatu kabla, maana baada ya ukaguzi wa mizigo bado kuna foleni ya pasipoti kwa wanaotoka Schengen, na huwa ndefu.

Ukikwama

*Ndege imefutwa na viza inaisha leo.* Usiondoke uwanjani kimya kimya. Omba shirika la ndege maandishi yanayothibitisha kufutwa, kisha nenda kwa askari wa uhamiaji hapo hapo uwanjani ueleze. Sheria ya viza inaruhusu kuongezewa siku kwa sababu isiyo yako. Pia ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya iko chini ya kanuni za abiria: wanatakiwa kukulisha na kukulaza, na kama kosa ni lao, fidia kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 inaweza kufika yuro 600. Tunza risiti.

*Pasipoti imeibiwa.* Kituo cha polisi wa watalii kiko Praça dos Restauradores, wanaongea Kiingereza. Chukua ripoti, kisha piga ubalozi wa nchi yako unaohudumia Ureno, ambao huenda uko mji mkuu mwingine kabisa. Namba yake iandike kabla ya kusafiri.

*Mashine ya pesa inakuuliza ikugeuzie kwa sarafu yako.* Kataa, chagua yuro. Tumia mashine zenye nembo ya Multibanco, hasa za ndani ya benki. Zile za rangi kali zilizojipanga mitaa ya watalii hukata ada kubwa.

*Mtu anakunong'oneza bangi au kokeini Baixa.* Wapo mchana kweupe. Mara nyingi wanachouza ni majani makavu ya jikoni. Sema hapana mara moja, tembea.

*Umeugua.* Duka la dawa lina msalaba wa kijani, na mfamasia atakusikiliza bila miadi. Ushauri wa simu wa serikali ni 808 24 24 24, dharura ni 112. Kabla ya kwenda hospitali binafsi, ipigie bima kwanza, la sivyo utadaiwa ulipe papo hapo.

*Mvua haikati.* Hutokea Novemba hadi Machi. Badilisha siku za makumbusho na za ufukwe, na usishuke ngazi za Alfama kwa viatu vilivyoisha soli.

*Umepumzika mno, siku ya tatu unajisikia mvivu na mwenye hatia.* Kawaida kwa mtu aliyezoea kuamka na kukimbilia treni. Panda kivuko tena.

*Umebakiwa na sarafu.* Maduka ya kubadilishia fedha nyumbani huchukua noti, sarafu hawazitaki. Zimalizie kwenye kahawa na vitumbua asubuhi ya safari, au jazia hela kwenye kadi ya metro ya kukupeleka uwanjani, halafu kadi yenyewe mpe anayeshuka na begi lake akiingia.